Baba Mkwe Asiyetaka Kuniona

Ipinda, Jumamosi. Mvua imekatika, jua limetoka na ardhi inafuka mvuke. Nimekaa jikoni kwa mama mkwe, simu mkononi, matope hadi magotini, na nina furaha ya kijinga.

Nilipofika hapa Alhamisi nilikuwa na jambo moja tu moyoni: baba mkwe anikubali. Harusi yetu Dar hakuja. Tuliambiwa mguu unamsumbua. Nilijibu nimeelewa, lakini tangu siku ile sikuacha kuwaza kwamba mguu ni kisingizio, kwamba mzee hakumtaka mwanamke wa Tabata asiyejua hata kushika jembe.

Basi nikajipanga. Kitenge kipya, kilemba, na goti tayari kupigwa. Nikamwona anatokea kwenye migomba, nikamwendea mbiombio nimetanguliza mikono yote miwili, shikamoo ikiwa imeshanitoka mdomoni.

Mzee akageuka, akatokomea kwenye mikakao. Mguu haukumsumbua hata kidogo.

Sijawahi kuaibika namna ile. Jana nayo ikawa vilevile: nikiingia sebuleni, yeye anatokea mlango wa nyuma. Hata chakula alipelekewa kwingine. Mume wangu, Ambakisye, alikuwa ameshinda Ngonga kwenye mpunga wao, kwa hiyo nikamlilia wifi yangu Tusajigwe tukiwa tunatwanga. Nikamwambia wazi kwamba baba yao hanitaki na mimi narudi zangu Dar.

Wifi alicheka mpaka akaachia mchi.

"Kwani kaka hakukwambia? Wifi, ukimkimbilia baba namna ile unamtia aibu. Huku mkwe na baba mkwe hawaonani usoni. Ndiyo heshima yenyewe."

Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mwanamke anapisha. Ambakisye aliporudi nikambana. Akakuna kichwa, akasema alidhani kila mtu anajua. Nilitamani kumpiga na ufagio.

Kumbe mzee hakunikimbia. Alikuwa ananiheshimu, tena kwa mbio.

Sasa sikiliza ya leo. Mchana nikiwa natoka bombani na ndoo kichwani, nikaona mwavuli wake mweusi unakuja. Sikufikiri mara mbili. Nikaruka pembeni nyuma ya migomba, nikatumbukia kwenye dimbwi, maji yote yakanimwagikia, na bado nikakumbuka kugeuza uso. Nikamsikia anapunguza mwendo, anakohoa, anapita taratibu. Moyo ulinidunda kama mtoto aliyejificha kwenye kombolela. Nilikuwa nimeloa chapachapa na nimejaa raha, ingawa sikujua kama nimefanya sawa.

Nimejua sasa hivi.

Mzee amekaa barazani na mama mkwe, ukuta wa jiko uko kati yetu. Hawa wawili huongea Kinyakyusa kuanzia asubuhi hadi usiku, siambulii kitu. Ghafla nikasikia Kiswahili, tena kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani.

"Mama Ambakisye, leo nimepita njia ya bombani. Mke wa Ambakisye sikumwona kabisa."

Mama mkwe akaitikia kwa mguno.

"Mwambie nimefurahi sana kutomwona. Mwambie hapa ni kwake."

Nikaacha sufuria. Kumjibu mwenyewe siwezi, hilo nimeshajifunza, kwa hiyo nikapaza sauti kwa mama: naomba umwambie baba, ndaga fijo. Ndiyo shukrani pekee ninayoijua kwa lugha yao, na nadhani niliitamka vibaya, maana nilimsikia mzee akicheka hadi kikohozi kikamshika.

Nimelia hapa peke yangu, na moshi wa kuni hauhusiki.

Jumatatu nitakuwa Dar, na wenzangu wataniuliza kama baba mkwe amenipokea. Nitaanzia wapi kuwaeleza kwamba amenipokea kwa mikono miwili, na sura yangu bado haijui?