Mwache Karani kwa Mama

Bugene, Karagwe
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Jovitus,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Natumaini wewe, Jenifa na watoto mko wazima huko Dodoma. Sisi tunapumua, Mama bado miguu inamsumbua. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu unanikatia.

“Mnamnyonyoa mbwa kama kuku wa Krismasi. Ni ukatili, nakuja kumchukua.” Hayo uliyaandika kwenye kundi la familia baada ya kuona picha moja tu ya Mama akiwa na Karani magotini. Ndugu wakakupigia makofi. Mimi sipigi.

Ukatili ulikuwa wako. Pasaka ulimpeleka Karani, yule mbwa wa aina ya teria uliyemletea marehemu Baba, kwa kinyozi wa mjini Kayanga, akapitishwa mashine kama mwanafunzi wa bweni, kisha ukaondoka. Manyoya yake magumu, yaliyokuwa hayashiki mvua, yakaota laini kama pamba. Yakanywa maji, yakanasa kila mbegu ya shambani, ngozi ikaanza kumwasha. Wewe hukusikia akijikuna usiku kucha. Sisi tulisikia.

Nikasoma, nikauliza, nikamwonyesha Mama. Kwanza kitana, mbwa akiwa mkavu, maana ukimlowesha mafundo yanakaza. Nyuma ya masikio na kwapani unayafungua kwa vidole, taratibu. Kisha unashika ngozi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine unavuta nywele chache zilizokufa, kufuata zinakolalia. Zilizo hai unaziacha, na manyoya magumu yanaota tena. Mbwa anayeteswa hakoromi, Jovitus. Karani hukoroma.

Tangu tumzike Baba, Mama alikuwa hatoki chumbani. Tulipoanza kazi hii, kila Jumamosi baada ya chai akawa barazani, anamfokea Karani: “Tulia, mzee! Utaingia kanisani na ndevu hizo?” Hana mwingine wa kumwita mzee tangu Baba aondoke.

Jana nilimkuta amefunga kitana na bakuli la Karani ndani ya kitenge, ameviweka mlangoni visubiri gari lako. “Alimleta Jovitus,” alisema, “mwache Jovitus amchukue.” Tangu ujumbe wako hajamgusa tena. Karani analala juu ya kile kitenge.

Shangazi Kampire wa Nyakatuntu anakusalimu, naye amekasirika. Nisalimie Jenifa, wabusu watoto. Mungu akutunze, na moyo wako aulainishe.

Usinijibu mimi. Mpigie Mama leo, wewe mwenyewe, umwambie akifungue kile kitenge.

Dada yako akupendaye hata kwa hasira,
Kokuhirwa