Gari la Mwalimu wa Qantab

Darsait, Maskati
Ijumaa jioni

Kaka yangu Mwakio,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Shemeji hajambo? Mgongo wa Mama unaendeleaje, na zile dawa anazimeza au bado anazificha chini ya mto? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na nakuandikia wewe kwa kuwa ndiwe uliyenifundisha umeme wa magari.

Juzi mwalimu mmoja wa Qantab, Bwana Said, alileta gari lake gerejini kwetu. Injini inazima ghafla akiwa mwendoni, kisha inawaka tena kama haikuwa na neno. Nikashuku nyaya zinazoingia kwenye kompyuta ya gari, ile inayoamrisha injini. Nikazipima zote kwa mita yangu mpya, mmoja baada ya mwingine. Mita ikasema nzima. Nikamwambia arbabu, tajiri wetu, kwamba gari limepona, na mwalimu akalichukua.

Leo asubuhi napiga shati pasi niende kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, pasi ikagoma. Nikapima waya wake: mzima! Nikauchana. Ndani umebaki uzi mmoja tu wa shaba. Unatosha kuidanganya mita, hautoshi kubeba mzigo. Kaka, hapo hapo nikalikumbuka gari la mwalimu. Si ndiyo maana ulikuwa ukinigombeza nipime kwa balbu ya taa ya mbele, inayovuta umeme mwingi? Nami nikajifanya mjuaji! Na barabara ya Qantab ni miteremko na kona tupu. Injini ikizima pale, breki na usukani vyote vinakuwa vizito.

Kanisa nikaliacha. Nikachukua teksi, njia nzima nachungulia bondeni. Nikamkuta mwalimu anapakia watoto garini. Nikapiga kelele, "Shukeni! Tafadhali shukeni!"

Mama yake mwalimu akatoka mbio. "We kijana, nna wajukuu zangu humo! Kuna nini?"

Nikafunga balbu kwenye waya mkuu unaoilisha kompyuta. Ikawaka hafifu, na nilipoutikisa ule waya ikazima kabisa. Nikakata kipande kibovu, nikaunga upya, balbu ikawaka sawasawa. Kisha nikawaambia wazi kwamba kosa ni langu.

Mwalimu hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema polepole, "Jana nimempeleka mama yangu hospitali kwa gari hili, kwa sababu ulisema limepona. Kesho kamwambie arbabu wako wewe mwenyewe, kabla sijamwambia mimi."

Naogopa, Kaka. Mwezi uliopita arbabu alimrudisha kwao fundi mwenzangu kwa kosa dogo kuliko hili, na pasipoti yangu imo kabatini mwake. Lakini nitamwambia.

Nisalimie Shemeji, na mjomba wetu seremala, na dada yetu wa kwaya. Mama usimsomee barua hii. Ila ukiniona nimetokea mlangoni na begi bila taarifa, na majirani wameanza kuulizana nimefukuziwa nini, tafadhali wahi wewe kabla yao. Mwambie Mama sikuiba.

Mdogo wako,
Mghanga