Sura ya Mwisho kwenye Kiti cha Kinyozi

4 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umetulia na husimami siku nzima bila kula. Mimi mzima, ila sijala wala kulala tangu jana, na sababu ni hii: nimepewa nafasi ya kusoma kwenye kongamano la waandishi wa fantasia. Ndiyo, wale watu wanaovaa mabawa ya karatasi niliokusimulia mwaka jana, nilipokaa ngazini nikala mkate wangu na kuondoka bila kusema na mtu. Safari hii jina langu limebandikwa ukutani. Nitasoma sura moja mbele ya ukumbi mzima, na mhariri wa kampuni ya vitabu atakuwepo. Kazini, pale mapokezi ya kliniki ya meno, sijamwambia mtu.

Nakutumia sura za mwanzo. Binti anaingia Nchi ya Ukungu kumtafuta mama yake aliyefariki. Wewe ndiye msomaji wangu wa kwanza. Kama ni upuuzi, niambie sasa, kabla sijajiaibisha.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu, marahaba.

Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Wewe kula, mwenye njaa halali.

Redio ya saluni imekufa, basi nikawasomea wateja karatasi zako. Nimejitakia mwenyewe, sasa watu hawatoki. Yule Kipara, ambaye hana hata unywele mmoja wa kunyoa, anafika kabla sijafungua mlango na kushika kiti cha dirishani. Jana nilimwacha mteja na nusu ya ndevu kwa sababu binti alikuwa anavuka daraja la mifupa. Mwenyewe akasema, "Maliza kwanza, ndevu haziendi popote."

Kipara anauliza: yule farasi wa vichwa viwili, vichwa vikigombania njia, nani anaamua? Nimemwambia vinapokezana. Kama sivyo, nitasema nilikosea.

Mimi fantasia siijui. Ninachojua ni kwamba mteja akichoka kwenye kiti changu, huanza kujitazama kwenye kioo. Hakuna aliyejitazama. Lete zilizobaki.

Baba yako

24 Machi

Baba, shikamoo.

Nafurahi mko salama, wewe na genge lako. Mimi niko salama kiasi. Swali la Kipara limeninyima raha. Kama yeye ameona tundu lile, ukumbi mzima utaona mangapi? Nimeandika kwamba vichwa vinapokezana, mshukuru.

Hii ndiyo sura ya mwisho, na ndiyo nitakayoisoma kule. Tafadhali, hii isome peke yako, si saluni. Binti anampata mama, wanazungumza, kisha anarudi bila yeye. Nilijaribu kumrudisha mama, Baba. Kila nilipomrudisha, kitabu chote kiligeuka uongo. Naogopa kwa sababu yule mama anayegombeza sufuria zake ni Mama yetu, utamjua mara moja. Ukisema nisiisome, nitachukua nyingine. Nijibu tu kabla ya siku yenyewe.

Mwanao

9 Aprili

Baba, shikamoo.

Hujambo kweli? Kila nikipiga simu unasema una mteja, halafu unakata. Hata Jumapili una mteja?

Kongamano ni Jumamosi hii. Mratibu anataka kujua nitasoma sura gani, nami nampiga chenga. Nimekuumiza, najua. Ilifaa nikuulize kabla ya kuandika, si baada. Leo kliniki nimempa mgonjwa kadi ya mwenzake, nusura ang'olewe jino lisilo na kosa. Barua hii nimempa kondakta wa basi, jibu lako mpe yeye, nitalichukua stendi. Nijibu hata kwa hasira, Baba. Ukimya wako siuwezi.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Mwili mzima, usiwe na wasiwasi. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi kama ulivyosema, posta itachelewa.

Uliniomba niisome peke yangu. Niliisomea saluni, siku ile ile ilipofika. Kufika pale binti anapogeuka kuondoka, nikaikunja karatasi. Watu wananitazama. Nikaendelea kutoka kichwani mwangu: mama akainuka, akamshika binti mkono, wakarudi nyumbani. Kipara akafuta macho. Nilidhani yamekwisha.

Kesho yake wakauliza, alipofika akafanya nini? Nikasema alikuta sufuria zimepangwa ovyo, akazigombeza. Wakacheka sana. Siku iliyofuata wakauliza tena. Basi kila siku naongeza kidogo. Amepaka ukuta rangi. Amegombana na jirani kwa sababu ya kuku. Mwanangu, wiki hizi zote nimekuwa naye humu saluni. Nilijua nikikujibu itanibidi niseme kwamba harudi. Ndiyo maana nilikuwa na mteja kila ulipopiga.

Hukuniumiza. Soma ulivyoandika, maana ndivyo ilivyokuwa.

Baba yako

14 Aprili

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, nimelala vizuri, nimekula. Barua yako niliichukua stendi, nikaisoma kwenye foleni ya kuingia ukumbini, nyuma ya mtu mwenye mkia wa joka. Nililia, naye akanipa leso bila kuuliza kitu.

Nilisoma sura yote. Sikuongeza wala kupunguza. Nilipomaliza wakapiga makofi, na hawakuacha upesi. Mhariri ameomba mswada wote. Hajaahidi chochote.

Dada mmoja alisimama akauliza kama kweli hakuna namna yoyote ya yule mama kurudi. Nikamjibu, "Kwenye kitabu changu, hapana."

Baba, wateja wako usiwaambie lolote. Waache waendelee kuuliza. Nami ninauliza pamoja nao: baada ya ugomvi ule wa kuku, Mama amefanya nini?

Mwanao