Mkorosho wa Mama Fatu na Saa ya Mnara

Newala

Rehema wangu,

Na kweli nitakuja, usininunie. Barua yako ya kuuliza kama nimeoa huku nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Nioe nani, wakati hina ya harusi ilikuwa haijafutika vidoleni mwako nilipopanda basi? Homa imekuachia? Unakula? Mimi mzima, ila baridi ya huku juu inanifundisha thamani ya mke.

Sikiliza kilichonizuia. Mnara wetu wa simu una saa inayofuata setilaiti kupitia antena ndogo nyeupe, mfano wa kikombe kilichopinduliwa. Antena ikiona anga wazi, taa ya mashine huwa ya kijani. Ikizibwa, taa huwa nyekundu, saa inapotea na simu zinakatika. Mashine ziko kwenye chumba tulichopanga kwa Mama Fatu, na antena niliifunga mwenyewe ukingoni mwa bati lake, upande wa uani. Ilishika setilaiti siku ileile. Injinia akaniahidi likizo.

Juzi taa ikawa nyekundu, na wakubwa wanakuja kuzindua mnara! Injinia akafoka, "Hakuna likizo mpaka saa ishike. Isiposhika, tafuta kazi nyingine." Tukabadilisha waya, wapi. Uani hatukuweza kukagua, maana mjukuu wa Mama Fatu sasa ni mwali, na mwanamume hakanyagi huko.

"Ni mkorosho huo unaziba anga," akasema Injinia, akionyesha mti wa Mama Fatu nje ya ua. "Kata matawi yote." Nami, kwa pupa ya kukuona, nikakubali.

Mama Fatu alisimama mlangoni. "Shikamoo mama," nikasema kwa aibu.

"Marahaba. Korosho ndiyo kwanza zinadondoka, mwanangu. Ukimaliza kukata, uje uniambie nitaokota nini."

Nikapanda, panga kiunoni. Nikikata, namdhulumu mama wa watu. Nisipokata, sikuoni. Nikainua panga. Hapo ndipo bati lote likaonekana chini yangu, na juu ya antena, mke wangu, sufuria! Nyeusi ya masizi, imeifunika gubigubi.

"Wee baba!" wanawake wakapiga kelele uani. "Unamchungulia mwali?"

"Simchungulii, mama zangu! Naangalia sufuria!"

Mama Fatu akaja akicheka. "Nimeifunika mimi. Kunguru wanakikalia kikombe chenu, wanachafua bati. Mvua ikinyesha, maji ya bati yanaingia kisimani. Mnataka tunywe mavi ya kunguru?"

Akaiangusha sufuria mwenyewe kwa ufito mrefu. Nikabaki nimekumbatia tawi, naomba Mungu. Halafu Injinia akatoa kichwa dirishani: "Kijani!" Nikalia, Rehema, mumeo mzima, juu ya mkorosho.

Leo, kwa ruhusa ya Mama Fatu, nimeisimamisha antena kwenye nguzo ya peke yake, mbali na bati, mbali na kivuli. Kunguru wakae wapendavyo. Mkorosho haukupoteza hata jani, na Mama Fatu amekufungia korosho alizobangua mwenyewe. Injinia ametia saini likizo yangu.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie sweta aliyonifumia ndiyo inayoniokoa. Dada yangu mshona nguo mwambie shati langu asilishone mpaka wewe uchague rangi.

Usiku nikitazama anga najiuliza kama nawe unalitazama. Lakini kutazama kumetosha. Kabla mwezi huu haujaisha utasikia hodi mlangoni, na atakayebisha ni mimi.

Mumeo akupendaye kupita kiasi,
Athumani