Maneno Niliyokuambia Ufute

Sfax, Jumanne

Mpenzi Hayfa,

Mama hajambo. Mizeituni imezaa mwaka huu mpaka matawi yanagusa chini. Anakusalimu, anasema mimi binamu yako siku hizi nimekuwa mkimya. Hakukosea.

Uliponitumia wasifu wako wa ile kazi ya kukuza biashara, nilikuambia ufute "ubia" na "masoko mapya", eti unaonekana umenakili tangazo. Nilijua kompyuta yao huchuja watu kwa maneno hayohayo. Wangu, wa kazi hiyohiyo, nikaujaza maneno hayo yote.

Nikaitwa mimi, wewe hukuitwa. Meneja, Bi Mbarka, akaweka kidole kwenye "ubia".

"Haya binti yangu, uliingia ubia na nani?"

Nikamsimulia hoteli tisa za Djerba zilizokubali kununua tende za Gabès. Akatabasamu.

"Ile ya kwanza uliipataje?"

Hayfa, nikaanza kumtajia bei ya tende. Hoteli zile ulizipata wewe, na siku uliponihadithia nilinuna, sikukuuliza lolote.

"Sikukuuliza bei. Kwani hadithi hii ni ya nani?"

Nikalitaja jina lako. Lilinichoma ulimi kuliko harisa, ile pilipili yetu ya kusaga.

Atakupigia wiki ijayo. Yarudishe maneno yale, lakini yale tu unayoweza kuyasimulia. Kwako ni mengi, na hilo ndilo linaloniuma.

Usinishukuru. Hata sasa naandika huku moyo ukiomba simu yako izimike. Basi ichaji mapema.

Ni mimi, mwenye kukuonea kijicho,
Raoudha