Mawili Kwangu, Mawili kwa Saimi

Turku, 12 Oktoba

Mama mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Hujambo wewe? Na goti je? Mimi ni mzima, isipokuwa koti langu halijakauka tangu Septemba.

Najua simu huisikii vizuri, na nikipaza sauti unasema nakufokea. Basi nakuandikia, ili usome mpaka uchoke. Ni habari ya matairi ya gari lako. Mdogo wangu Saimi ameniambia kwamba baridi ya mwaka huu unataka kuivuka kwa yale yanayouzwa pale dukani, pembeni ya magunia ya chakula cha mbwa. Mama wewe! Alama ya kipande cha theluji ubavuni haitoshi. Ile inasema tairi linaweza theluji. Barafu ni habari nyingine kabisa.

Nimesoma kwenye gazeti la magari. Walichukua magari mawili yaliyofanana wakayafunga breki juu ya barafu ya ziwa, mwendo ule ule. La matairi ya bei kali likasimama. La matairi ya bei rahisi likampita mwenzake, likaendelea kuteleza urefu wa magari manne, dereva kakanyaga breki tu. Mpira wake ukipigwa na baridi ya huko kwetu unakuwa mgumu kama ubao. Rahisi ni ghali, Mama, usinicheke.

Nimekununulia manne, yale yenyewe. Hayana misumari ya kushika barafu, maana najua unachukia ile kelele. Yameshavishwa rimu, kazi ni kufunga tu. Lori litayashusha kituo cha mafuta wiki ijayo. Yameshalipiwa, kwa hiyo usianze ubishi wako.

Msalimie Saimi na wagonjwa wake wote.

Mwanao,
Oiva


Posio, 29 Oktoba

Oiva mwanangu,

Nakusalimu sana. Mimi sijambo, goti linalalamika kama kawaida yake, nalo nimelizoea kuliko majirani. Theluji ya kwanza imeanguka Jumanne na haijaondoka.

Matairi yamefika. Nimeyabonyeza kwa kidole, kweli yanaitika, si kama yale magumu ya dukani. Banda zima linanukia mpira mpya. Ahsante, baba yangu. Umetumia pesa kama mtu asiye na kodi ya nyumba.

Saimi alikuja Jumapili na jeki yake. Tulifunga wenyewe uani kama alivyotufundisha marehemu baba yenu, yeye kwenye spana, mimi nimeshika nati kwenye kofia. Akaanza na gari langu. Mimi nikalitazama lake, nikaona limevaa yale yale ya pembeni ya chakula cha mbwa! Mtoto anayetoka kabla ya kucha kila siku kwenda kuwatibu wazee majumbani mwao, na mimi ninayekwenda kanisani na kununua maziwa. Nikamwambia, "Funga yote manne kwako." Akasema, "Mama wee, unataka Oiva anichinje? Kanunua kwa ajili yako." Nikakataa, naye akakataa. Tukavutana hapo hapo kwenye baridi mpaka jirani Pentti akatoka kutazama nani anapigwa.

Mwisho nilikata shauri. Kizuri kula na nduguyo. Magari yetu ni pacha, rimu za hili zinaingia kwenye lile. Mawili kwangu, mawili kwa Saimi. Tumeyafunga mbele, kwa kuwa ya mbele ndiyo yanayovuta, hata Pentti kasema hivyo, na Pentti amewahi kuendesha basi la shule. Nyuma yamebaki ya zamani, yale magumu. Saimi akacheka, akasema, "Basi kila mtu ana nusu ya mapenzi ya Oiva."

Usikasirike. Nisingelala, mwanangu, mimi nimevaa mazuri na yeye mabaya.

Mama yako,
Tyyne


Turku, 6 Novemba

Mama mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo. Barua yako niliisoma kazini, nikataka kukasirika nikashindwa, nikabaki nacheka peke yangu na wenzangu wananitazama.

Nyie wawili hamfai. Natuma kitu kwa mtu mmoja kinakuwa cha kijiji. Lakini mbele ndiyo sahihi, hapo hamkukosea. Hata mimi ningefunga mbele. Kilima cha kwa mzee Eino hakipandiki bila ya mbele kushika, na Saimi anakipanda kila asubuhi kwenda kumtibu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Krismasi nitakuja na mengine manne, kila mtu apate seti yake, na huyo mdogo wangu aache utani. Mwambie aendeshe taratibu mpaka hapo. Najua hatasikia.

Mwanao,
Oiva


Posio, 15 Desemba

Oiva,

Sijui nikusalimu vipi. Niko hai. Nimekunywa kahawa.

Tangu uondoke Jumatatu nyumba imekuwa na sauti ambazo sikuzijua. Viatu vya ndani vya Saimi bado viko mlangoni. Nilivisogeza mara moja, halafu nikavirudisha.

Jana alikuja mzee Eino, kaletwa na jirani yake. Anasema asubuhi ile aliona kumechelewa, akapasha kahawa mara ya pili. Anaomba msamaha. Mzee wa miaka tisini ananiomba mimi msamaha kwa sababu Saimi alikuwa anakwenda kwake! Nililia mpaka yeye ndiye akanibembeleza.

Mwanangu, kuna jambo halinipi usingizi. Kila mtu aliyekuja mazishini kasema Saimi alikuwa dereva mzuri. Ndivyo alivyokuwa. Ile kona ya ziwani ameipita tangu akipakatwa. Hakuwa mlevi, hakuwa na haraka, na dereva wa lori la magogo anasema alimwona akija polepole tu. Sasa ilikuwaje gari likaliendea lori ubavu ubavu, kama mlango unaofunguka? Hilo mimi silielewi.

Siku ya mazishi, wakati watu wanakula supu ya samaki pale ukumbini, nilikuona dirishani ukizungumza na yule polisi aliyepima ajali. Alikuwa anaonyesha kwa mikono. Uliporudi ndani hukukaa na watu, ulikwenda kunawa mikono, ukanawa sana. Alikuambia nini?

Nijibu. Mimi ndiye niliyemzaa.

Mama


Turku, 22 Desemba

Mama yangu,

Pole. Pole sana. Siachi kukuwaza.

Polisi hakusema jambo jipya. Mvua ilinyesha usiku juu ya barabara iliyoganda, pakawa na barafu ile isiyoonekana, na kulikuwa na giza. Angepita hapo mtu yeyote ingekuwa vile vile. Ajali haina kinga, Mama. Usijisumbue kutafuta ilikuwaje, hakuna kitakachorudi.

Nisamehe, Krismasi sitaweza kuja, kazini wamenibana. Lakini nakusihi kitu kimoja: usiguse gari lako. Usiende nalo popote mpaka nije niliangalie. Pentti atakuletea mahitaji, nimeshazungumza naye. Niahidi.

Mwanao,
Oiva


Posio, 3 Januari

Oiva mwanangu,

Nakusalimu. Goti ni lile lile. Sikukuahidi, kwa hiyo sijavunja ahadi.

Mkesha wa Krismasi watu wote huwa makaburini kuwasha mishumaa, na mimi nina wawili pale sasa. Pentti alikuwa na wajukuu zake. Nikalitoa gari. Nilikwenda vizuri, nikawasha, nikakaa nao. Wakati wa kurudi, pale barabara inapopinda kushuka kutoka kanisani, nilikata usukani. Mbele kukashika imara, kukakata kona kama nilivyotaka. Nyuma, kwenye yale magumu, hakukufuata. Nyuma kulizunguka kukanipita, na kabla sijaita jina la Mungu nilikuwa nimesimama natazama kule nilikotoka. Hakukuwa na lori. Hakukuwa na mtu.

Hapo sikuhitaji polisi, mwanangu. Niliona kwa macho yangu jinsi alivyokufa.

Nilimuuliza Pentti. Aliangalia buti zake, akakiri. Kumbe kijiji kizima kinajua, wananiletea supu na kuninyamazia. Na wewe unajua tangu siku ya mazishi. Ndiyo maana hukuja, siyo kazi.

Unaniandikia ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo. Ilikuwa uani kwangu, manne, nikaigawa. Ningemshika mkono nikamlazimisha ayafunge yote kwake, leo angekuwa ananisema kwa ubishi wangu. Hata tungemwachia mabaya yote manne, angehisi utelezi tangu getini, akatambaa. Mazuri ya mbele yalimwambia barabara inashika, akayaamini. Tulimdanganya kwa mapenzi.

Na wewe uliniandikia kwamba mbele ndiyo sahihi. Barua ninayo. Sikulaumu, ulisema tulichokuwa tunakisema sote. Lakini sitakudanganya kwamba si kitu. Ni kitu, na ni chetu sisi wawili, hakuna mwingine duniani wa kukibeba.

Kinachoniuma zaidi ya hicho ni kwamba ulikibeba peke yako huko Turku ukidhani unanihurumia, na mimi nikakibeba peke yangu huku tangu mkesha. Tumegawana tena, Oiva. Safari hii sitaki.

Usilete matairi. Gari nimempa Pentti alivute akaliuze. Panda treni mpaka Rovaniemi, halafu basi. Usinijibu kwa barua. Njoo ukae hapa mezani uniambie kila neno alilosema yule polisi, na mikono yake ilivyoonyesha, nami nitasikiliza mpaka mwisho. Kisha tumlie pamoja.

Mama yako,
Tyyne