Mfuko Ulioandikwa "Msiguse"

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za Baba, za Baba zikitangulia, maana ndiye aliyenikalisha hapa mezani na kunishikisha kalamu. Mgongo wako unaendeleaje? Natumaini siku hizi unawaachia wengine kubeba vyuma, wewe unabaki na ufundi wako wa lifti. Huku sisi hatujambo. Presha ya Baba imetulia, anatembea mpaka kwa kinyozi na kurudi bila kupumzika, na anajisifu kana kwamba amevuka mpaka wa nchi.

Najua utashangaa: jana tu tumeongea kwa simu, leo barua ya nini. Ni kwa sababu ya lile swali lako. Miezi saba sasa tangu tumzike Mama, hukati simu kabla ya kuuliza kama mfuko wako wa sambusa bado upo kwenye friza. Nami nakujibu upo, kisha nakuuliza kama kwenu mvua zimenyesha. Sasa umekata tiketi, unafika tarehe kumi na nane, na kitu cha kwanza utakachofungua humu ndani nakijua.

Nianze na ile mashine uliyotuletea, ya kukaangia kwa hewa ya moto, daktari alipomkataza Baba vyakula vya mafuta. Mama hakuipenda hata kidogo. Aliiita feni, akasema chakula hakipikwi kwa kupulizwa. Lakini kwa kuwa ilitoka kwako aliifuta vumbi kila asubuhi, na mwishowe akaijulia kuliko mimi. Sambusa alizitoa kwenye friza zikiwa ngumu kama mawe, akazipaka mafuta kidogo kwa brashi, akazipanga zisigusane, nyuzi mia na themanini, dakika kumi na mbili, anazigeuza katikati. Zilitoka kavu, ukizing'ata zinalia. Baba alikuwa anaiba mbili mbili akijifanya anatafuta chumvi.

Za kwako alizitenga. Alizikunja ameketi kwenye stuli yake chini ya dirisha, kwa mkono wake ule wa kushoto, nyama ya kusaga na kitunguu kingi, pilipili hakuna kwa ajili ya hilo tumbo lako linalodekezwa. Ishirini na nne. Akaandika juu ya mfuko kwa wino mzito: "Za kaka yenu. Msiguse." Kaka yenu, na watoto tuko wawili tu, mimi na wewe! Nilimcheka mpaka nikakaa chini. Wiki tatu baadaye moyo wake ulisimama akiwa anaanika shuka.

Sasa, Kaka, nivumilie. Siku ya tatu baada ya kumzika ulipiga kusema kazini wamekunyima ruhusa, utakuja mambo yakitulia. Baba alikujibu kwa upole, akakuombea. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na sufuria mkononi, damu inanichemka. Tangu asubuhi watu walikuwa wananiuliza mtoto wa kiume yuko wapi, na nilishachoka kukutetea. Walipoondoka mchana ule niliifungua friza, nikautoa mfuko wako. Nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni, kwamba asiyekuja kumzika mama yake hana haki ya kula mapishi ya mkono wake. Ndivyo nilivyosema, siyapunguzi.

Na hata kuzipika sikujua. Niliziacha mezani ziyeyuke kwanza, kama tunavyofanya nyama. Zikalegea, zikatoa maji. Nikazishindilia zote ishirini na nne kwenye mashine kwa mkupuo mmoja. Nilipovuta ile droo nilikuta donge, zimeshikana, zimepasuka, nyama imemwagika chini na kuungua. Nikakaa sakafuni nikiichota kwa vidole na kuila huku nalia, iliyobaki nikaitupa. Zilikuwa sambusa za mwisho za Mama, Kaka. Hakuna tena, hata moja.

Mfuko niliuosha. Jumapili iliyopita, uliposema tiketi unayo, nikaingiwa na ujinga mwingine: nikakunja nyingine ishirini na nne, nikazitia mle mle kwenye mfuko wenye mwandiko wake, nikidhani hutajua. Baba akaja kutafuta barafu ya goti lake. Akatoa moja, akaigeuza geuza, akasema, "Hii imekunjwa na mkono wa kulia." Nikamweleza yote, nikingoja anilaani.

Hakunilaani. Alivuta stuli ya Mama akakaa, akaniambia jambo ambalo Mama alimkataza kutuambia. Ule mfuko haukuwa wa kwanza, ulikuwa wa nne. Kila ulipopiga kusema umeahirisha safari, Mama alikujibu sawa mwanangu, kazi kwanza. Nikishatoka kwenda zamu yangu kwenye duka la dawa, anautoa mfuko, anazipika zote, anawagawia majirani mpaka ziishe. Yeye haonji. Ndiyo maana yule mama mshonaji alikuwa akinishukuru kwa sambusa nisizozijua, nikadhani uzee unamchanganya. Na kesho yake asubuhi Mama anakanda unga upya. Baba alimuuliza mara moja kwa nini asiuache mfuko ule ule ungoje. Akamjibu, "Mwanangu atoke mbali kote huko aje ale kiporo?"

Najua hapo umeumia. Mimi pia niliumia, nililala na maumivu hayo siku mbili kabla ya kushika kalamu. Nimekuibia kilichokuwa chako, nikakudanganya miezi saba, na ninakuomba unisamehe. Hasira yangu juu yako imekwisha, kasoro kidogo, hiyo tutaimaliza ukifika. Mfuko wa Mama nimeukunja nikauweka kwenye droo ya vitambaa, ni wako. Sambusa zangu nimezihamishia kwenye mfuko mwingine ambao sijaandika kitu juu yake.

Wasalimie wenzako wote, hata huyo msimamizi wako, ingawa simpendi. Baba anasema uje na njaa. Na ukiahirisha tena, Kaka, usihangaike kunieleza sababu. Nitakwambia sawa, kazi kwanza. Nitazipika zote niwape majirani, na kesho yake asubuhi nitakanda unga.

Ni mimi mdogo wako, uliyempa jina la Cherehani kwa kusema sana.